Kaye ya butiki inalipwa mbele ya nyumba

Wanaume wengi wa Butembo na Beni wanaondoka kwenda kutafuta dhahabu, wengine Mangurejipa kule Lubero, wengine Biakato upande wa Mambasa. Wanakaa huko majuma ao miezi. Mabibi wanabaki na watoto, wanangojea simu moja: "Nimetuma kitu." Mara mingi kile kitu kinafika kidogo, na leo tunataka kusema kwa nini.

Kwenye shimo feza haionekani kila siku. Mchimbaji anakula kwa deni, anavuta sigara kwa deni, na mwenye butiki anaandika katika kaye. Siku dhahabu inapatikana, bosi wa shimo anatoa gharama zake, timu inagawana, kisha kaye inafunguliwa. Nyumba haina kaye pale. Ndiyo maana inalipwa ya mwisho.

Hatusemi sigara peke yake ndiyo inamaliza feza. Kuna pombe, kuna vizuizi vya barabarani, na mashamba mengi ya Beni yameachwa juu ya mauaji yaliyoanza 2014. Lakini sigara iko na ujanja wake: inauzwa moja moja, na hakuna anayesikia uchungu wa moja. Tuhesabu basi. Tuseme moja ni franka 200, na mtu anavuta kumi kwa siku. Ni 2.000 kwa siku, 60.000 kwa mwezi, 730.000 kwa mwaka. Kila mtu aweke bei ya kwao. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari tungali tunalipa. Mtoto anayerudishwa nyumbani juu ya minervali hajui kama baba yake ameivuta kidogo kidogo.

Wachimbaji watatujibu: sigara inaondoa baridi, njaa na woga wa kushuka. Tunawaelewa, udongo ule unaanguka kweli, na wenzetu wamebaki chini. Lakini nikotini inanyamazisha njaa tu, haishibishi. Na mapafu yanayokula vumbi la mawe kila siku, ukiyaongezea moshi, kifua kikuu kinapata njia. Matibabu yake ni miezi sita. Mchimbaji akilala, nani anamlipa?

Wala tusimtukane mama anayeuza sigara pale kwenye njia ya shimo. Naye analisha watoto. Angeweza kuweka karanga na ndizi tu katika beseni yake, lakini anajua ni nini inatoka mbio.

Tunaomba jambo moja. Siku ya kugawana, sehemu ya nyumba itumwe kwa M-Pesa ao Airtel Money mbele ya kaye kufunguliwa. Fasi rezo inakosekana, timu ichague mtu mmoja wa kuaminika, anayeshuka mjini, abebe sehemu za wote kwa majina. Mabibi wengi wako katika AVEC, wanaweka akiba kila juma, na wale wenye kukosa siku yao wanasikia haya mbele ya wenzao. Mume ajue ile siku ni gani.

Na wewe mama, akirudi nyumbani, usimwulize tu ametuma ngapi. Mwombe alete hesabu ya butiki, mwisome pamoja, mstari kwa mstari.