Washa mshumaa kwa simu, lakini usimsemeshe marehemu

Kila mwaka, tarehe 4 au 5 Aprili hivi, Wachina huadhimisha Qingming, siku ya kufagia makaburi. Familia hung'oa magugu, huwasha ubani, huweka matunda, kisha huchoma pesa za karatasi ili marehemu asikose matumizi huko aliko. Siku hizi wanachoma hata simu na magari ya karatasi!

Sasa kijana anayetafuta riziki Shenzhen, na kaburi la babu liko mkoa wa mbali, afanyeje? Anafungua tovuti, anabofya mshumaa, anaacha maua na ujumbe. Mwingine anamlipa mtu aende kufagia kwa niaba yake na kumtumia video. Mwaka wa 2020, korona ilipowazuia watu wa Wuhan kwenda makaburini, simu ndiyo iliyobaki.

Kuna wanaosema hiyo ni heshima ya kivivu. Mimi sikubali. Pesa ya karatasi pia si pesa, ni ishara tu. Kama ishara ya karatasi inamfikia babu, ya simu itakwama wapi?

Shida iko kwingine. Siku hizi kwa ada ndogo tu, akili unde inachukua picha na sauti ya marehemu na kumtengeneza upya, anaongea na kutabasamu kama yuko hai. Machi 2024, baba ya Qiao Renliang, mwimbaji na mwigizaji aliyefariki 2016, alitaka video za aina hiyo za mwanawe ziondolewe mtandaoni. Waliozitengeneza hawakuwa wamemwomba ruhusa. Hebu fikiria mzazi akikutana na mtoto wake aliyemzika, akisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika 2021, inaruhusu mwenzi, watoto na wazazi kushtaki picha au jina la marehemu likitumiwa vibaya. Ni sawa, lakini kesi huja wakati moyo umeshaumia. Ruhusa inafaa itangulie: mtu aulizwe akiwa hai, na kama hakusema lolote, sauti yake iachwe ipumzike.

Mshumaa, hata wa kubofya, unampa marehemu kitu. Video hizi zinamchukulia sauti yake, naye hawezi kukataa. Kumheshimu aliyekufa ni pamoja na kumwacha anyamaze.