Mazungumzo ya Nyumbani: Mbwa ni wa Nani?



Mwezi uliopita tulinena habari za fedha za nyumbani, jinsi iwapasavyo mume na mke kuzihesabu pamoja. Mwezi huu twataka kunena habari za mbwa, maana katika nyumba nyingi za Wakristo yumo, naye apendwa sana, lakini haijulikani ni wa nani.

Sikilizeni yasemwayo. Mbwa akimfukuza mwizi usiku, bwana husema, "Mbwa wangu ni hodari." Akiiba samaki jikoni, husema, "Mama, tazama mbwa wako alivyofanya." Bibi naye hujibu, "Ni nani aliyemleta?" Basi siku ya sifa mbwa ana mwenyewe, na siku ya hasara hana. Jioni hulala na njaa, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kumpa chakula.

Namjua mwalimu mmoja aliyepewa mtoto wa mbwa. Kwa kuwa alikuwa na ugomvi na jirani, alitaka kumwita Watasema, ili kila amwitapo jirani asikie. Wako watu wengi wawapao mbwa majina ya mafumbo namna hii. Mkewe alimwambia kwa upole, "Mwalimu, jina hili tutalitamka kila siku, na watoto watalijifunza pamoja na uchungu uliomo. Tumpe jina lisilomchoma mtu." Wakamwita Subira. Akakua, akawa mwenzi wa nyumba ile: asubuhi humsindikiza mwalimu mpaka shuleni kisha hurudi, mchana hulala kando ya mama atwangapo, jioni wakati wa sala hujinyoosha kizingitini, kichwa juu ya miguu, kana kwamba naye ni wa jamaa.

Lilitokea neno moja la kuwatenga. Bwana mifugo alipotangaza siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mwalimu alisema, "Mbwa wetu ni mzima, ya nini kupoteza fedha na siku nzima?" Mama hakushindana naye. Alitwaa fedha za mayai aliyouza, akamfunga Subira kamba, akaenda naye. Baada ya miezi michache mbwa mgeni, mate yakimchuruzika, aliingia uani watoto wakicheza. Subira akamrukia, wakaumana, hata majirani wakaja na fimbo. Hakuna mtoto aliyeguswa. Bwana mifugo akaitwa, akakitazama cheti cha chanjo, akamchanja Subira tena, akaagiza afungwe mbali na watoto na kuangaliwa kwa majuma kadhaa. Akasema kwamba kama asingalichanjwa mwanzo, ingalipasa auawe siku ile. Mwalimu alisikia asijibu neno. Bali mwaka uliofuata yeye mwenyewe ndiye aliyeishika kamba.

Ndugu zangu, ugonjwa huu si wa kuchezewa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Lakini kabla ya dalili, dawa iko. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa siku mbili kabla yake. Mtoto yule hakuugua, akaishi hata mwaka 1940. Tena wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Kwa hiyo yafaa mume na mke wapatane mambo haya:

Kwanza, ajulikane ni nani ampaye mbwa chakula na maji, asubuhi na jioni, na akisafiri ni nani amshikiaye zamu.

Pili, mbwa achanjwe kila mwaka, na fedha yake itengwe katika hesabu ya nyumba, isitoke katika mfuko wa mmoja kwa siri.

Tatu, mtu akiumwa na mbwa, hata awe mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo. Asipakwe majani, wala asingoje kuona itakuwaje.

Nne, watoto wafundishwe wasimsumbue mbwa alapo, wala anyonyeshapo watoto wake.

Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chaonyesha kwamba haki ya mtu huonekana hata katika kumtunza mnyama wake. Mnyama hawezi kushtaki wala kuomba; akinyimwa, hunyamaza. Ndiyo maana nyumba yetu hupimwa kwake, kama vile ipimwavyo kwa mtoto mchanga na kwa mzee aliye mgonjwa.

Basi jioni ya leo, kabla ya sala, waulizeni wenzenu: amekula? Cheti chake kiko wapi? Na mnapomtaja, msiseme "mbwa wangu" wala "mbwa wako." Semeni "mbwa wetu."

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.