Kifaa kinajua gari lilipo, barabara hakiijui

Magari mengi madogo yanayopita Mfaranyaki na Lizaboni, mjini Songea, yalianza maisha yake Japani. Yameshushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia, redio, na mara nyingi skrini ya ramani katikati ya dashibodi. Mwenye gari akiwasha, sauti ya mwanamke humsemesha Kijapani, na ramani iliyomo ni ya visiwa vya huko. Matogoro haimo, Peramiho haimo. Anayetaka kuongozwa barabarani hubandika kifaa kingine kwenye kioo cha mbele: simu yake, au kile kidude cha GPS cha Garmin au TomTom kinachochukua umeme kwenye tundu la kiberiti cha sigara.

Kifaa hicho hulaumiwa sana, na lawama nyingi si zake. Kikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa mita chache tu kusema gari liko wapi. Kinachompoteza dereva ni ramani, na ramani ya mkoa huu wa Ruvuma haitajazwa na mtu aliyeko mbali na Ruvuma.

Jeshi la Marekani lilianza kuujenga mfumo wa GPS mwaka 1973, likarusha setilaiti ya kwanza mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Kwa miaka kadhaa raia walipewa mawimbi yaliyotiwa kasoro kwa makusudi, mpaka Mei 2000 Rais Bill Clinton alipoamuru kasoro hiyo iondolewe. Setilaiti hizo huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake bila kupumzika. Kifaa kilichomo garini husikiliza angalau nne, hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, kisha hukokotoa kilipo. Hakitumi chochote juu. Hakihitaji laini wala bando.

Hilo la bando lingepaswa kufahamika kwa kila dereva wa mkoa huu. Mtandao wa simu ukikatika porini kati ya Namtumbo na Tunduru, skrini hugeuka ya kijivu na mwenye gari huamini GPS imekufa. Haijakufa. Kinachokosekana ni picha ya ramani, ambayo angeweza kuipakua bure kwenye simu akiwa bado Songea mjini. Kifaa maalumu cha GPS hubeba ramani yake ndani, ndiyo maana hata leo, kila mtu akiwa na simu mkononi, bado kina thamani kwa anayesafiri mara kwa mara kwenda Tunduru au Mbamba Bay.

Ugumu unaanza kwenye majina. Stendi kuu ya mabasi ya Songea iko kata ya Tanga. Mgeni akiandika Tanga bila kuongeza neno, huenda akaelekezwa ukingoni mwa Bahari ya Hindi, kona nyingine kabisa ya nchi. Mahenge ya Songea, ilipo Makumbusho ya Maji Maji, ina jina moja na Mahenge ya Ulanga. Ruanda ya Mbinga, upande wa machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, ina ndugu yake wa jina jijini Mbeya, na Majengo iko karibu kila mji wa Tanzania. Dawa yake wenyeji wameshaizoea: “Nitumie lokesheni.” Alama iliyotumwa kwa simu hubeba namba za mahali penyewe, na namba hizo hazina wajina.

Barabara ni suala zito zaidi. Mtu wa Songea anayekwenda Ifakara ana njia mbili. Ya kwanza ni ya lami: Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi, kisha kushuka Kidatu, mzunguko mrefu unaochosha. Ya pili inaacha lami Lumecha, wilayani Namtumbo, inakata msitu wa Londo na kutokea Kilosa kwa Mpepo, Malinyi na Lupiro. Kwenye ramani ni mstari uliokaribia kunyooka, na kifaa kilichowekwa kutafuta njia fupi kina kila sababu ya kuuchagua. Lakini kwa sehemu kubwa hiyo ni rafu rodi. Serikali imeitaja kwa miaka mingi katika mipango yake ya lami, na wenyeji wanajua kwamba kati ya Desemba na Aprili si njia ya kujiendea tu na gari dogo. Mstari wa kwenye skrini haubadiliki rangi mvua ikinyesha.

Kosa linaweza pia kuwa la upande wa pili, ramani ikabaki nyuma ya maendeleo. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja la Mto Kilombero pale Ifakara, mahali ambapo kwa miaka mingi magari yalisubiri kivuko. Kifaa ambacho ramani yake haijasasishwa tangu enzi za kivuko bado kitamwambia dereva asubiri.

Ramani hizi hutengenezwa na nani? Zile za Tracks4Africa, zinazopendwa na wasafiri wanaopandisha na magari yao kutoka kusini mwa Afrika, zilitokana na nyayo za wasafiri wenyewe: kila aliyepita aliirekodi njia yake, akaitoa, na muda halisi wa safari ukahesabiwa kutokana na rekodi hizo. Dar es Salaam nayo ilionyesha njia. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwa mojawapo, mpaka mifereji na vichochoro vikaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitumia na kuisahihisha bure. Songea ina chuo cha ufundi cha VETA, ina chuo cha ualimu, ina sekondari zenye vijana wenye simu nzuri. Hakuna sababu ya kazi hiyo kuishia Dar es Salaam.

Serikali nayo imekalia hazina. Katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nyumba zilipewa namba, mitaa ikawekewa nguzo za majina, na taarifa zikaingizwa katika NaPA, mfumo wa taifa wa anwani. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, inazijua barabara za wilaya na makalavati yaliyobebwa na maji. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa mfumo wake wa kufuatilia mabasi, hupokea mwendo wa mabasi ya masafa marefu, yakiwemo ya Songea, kwa setilaiti zilezile. Ndiyo inayobaini aliyezidisha kilomita 80 kwa saa. Maana yake, ofisi hiyo ina namna ya kujua kutoka Songea hadi Njombe basi hutumia saa ngapi mwezi Machi, pamoja na kona za Lukumburu, matuta, na vijiji vya kilomita 50 kwa saa ambavyo ramani nyingi hazivihesabu. Kuitoa hesabu ya namna hiyo kwa kila barabara bila kutaja basi la nani hakumdhuru mtu. Kungemfaa dereva wa semi la makaa ya mawe anayeelekea bandari ya Mtwara, na zaidi sana dereva wa gari la wagonjwa anayemwahisha mama mjamzito hospitali ya Peramiho kutoka kijiji asichokifahamu.

Kwa hiyo halmashauri za Ruvuma zikae na TARURA na vyuo vya mkoa, zianze na mambo machache: zahanati zote, madaraja yote, na kila barabara inayopitika kiangazi tu iandikwe hivyo kwenye ramani ya wazi, Lumecha–Londo ikiwa ya kwanza. Kazi ifanyike kati ya Julai na Oktoba, malori ya mahindi yanapoingia mpaka vijijini na madereva wake wanaweza kurekodi njia kwa simu zao wakiwa kazini, kabla mvua za Novemba hazijaanza kuzifunga.