Kasoro Iliyoandikwa Itengenezwe

Ndege ndogo aina ya Cessna 310 iliyoanguka katika mji wa Sanford, jimbo la Florida, Marekani, tarehe 10 Julai, 2007, haikuangushwa na adui wala dhoruba. Moto uliozuka humo angani yaelekea ulitokana na hitilafu ya umeme ambayo ilikuwa imekwisha kuandikwa katika taarifa.

Siku moja kabla, rubani mwingine wa ndege hiyo alisikia harufu ya kuungua. Akaikatia umeme rada ya hali ya hewa kwa kuvuta swichi yake ya usalama, na harufu ikatoweka. Alipotua aliandika kasoro hiyo, akatimiza wajibu wake. Lakini ndege haikutengenezwa, wala haikuzuiwa kuruka. Kesho yake ilipaa kutoka Daytona Beach, na baada ya muda mfupi ikatangazwa kwa redio kwamba ndani mna moshi. Iliangukia nyumba za raia. Watu 5 walikufa: 2 ndegeni na 3 majumbani, wawili kati yao watoto wadogo.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, katika uamuzi wake wa mwaka 2009, haikulaumu umeme peke yake. Iliwalaumu viongozi na mafundi walioiachia ndege yenye kasoro inayojulikana, na marubani waliokubali kuirusha.

Twawaambia haya askari na polisi kwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Swichi ya usalama ikijikata imetoa onyo. Anayeirudisha bila kutafuta sababu huenda anaurudisha umeme penye moto. Ndivyo ilivyo pia kwa breki ya gari la doria na kwa bunduki inayokwama. Dereva mwenye cheo cha chini huandika kasoro, mkubwa wake hutia sahihi, na gari likatoka vivyo hivyo kwa sababu safari ni ya haraka.

Wako wasemao kwamba askari anayekataa chombo kibovu ni mwoga. Sisi tunasema huyo ndiye mwenye nidhamu, kwani analinda maisha ya wenzake na ya wananchi alioapa kuwalinda. Na mkubwa aliyeisoma taarifa yake asichukue hatua, hatia ni yake. Sahihi yake haizimi moto. Chombo kibovu kisitoke mpaka kitengenezwe.