Kipandauso si Kiu
Acheni kutuambia tunywe maji. Kipandauso si kiu, ni ugonjwa wa ubongo: upande mmoja wa kichwa unagonga, mwanga wa simu unachoma, chai yote unaitapika. Halafu bosi anauliza, "Kichwa tu?"

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kemisti. Mtu ananunua tembe zilezile kila wiki na hakuna anayemuuliza anameza ngapi. Ukimeza za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikipita, tembe zenyewe zinaweza kukuletea maumivu. Na dawa za kuzuia zipo, propranololi na amitriptilini, za kitambo, bei si mbaya. Mwenye pumu asiguse propranololi, ndiyo maana tunadai daktari wa kuuliza maswali, si wa dakika 3 na dawa ya malaria.