Umelipwa? Swali letu kwa mastaa wa mitandao

Wandugu vijana wa Panda, na ninyi wa Kikula na Shituru,

Mwenzetu mmoja alichukua makuta ya kujiandikisha masomo, akanunua viatu. Aliviona kwenye simu: yaya mmoja mwenye wafuasi wengi anavivaa, anacheka, anasema yeye anavaa paka hivi, na viko karibu kwisha. Feza ilitumwa usiku uleule. Viatu vilifika na basi toka Lubumbashi, gundi imeachia, na namba ya muuzaji haipokei tena. Yule yaya akajibu: mimi niliweka tu tangazo.

Tangazo! Tumeangalia ile video mara tatu, hakuna mahali alisema ni tangazo. Tatizo letu njo iko hapo. Haiko wivu, na kuuza si kosa. Wengi wetu tunauza pia. Lakini mama wa sokoni yuko nyuma ya meza yake, unajua anataka feza yako, mnabishana bei. Huyu unayemfuata kila siku, unajua mpaka jina la mtoto wake, akisifu kitu unafikiri ni ndugu anakushauri. Haubishani. Na ile "viko karibu kwisha" inakunyima hata usiku mmoja wa kufikiri. (Saa tano ya usiku, mega zikiwa karibu kuisha, kila kitu kinaonekana cha lazima. Tunajua.)

Mbaya zaidi ni zile namba za promo za kubeti mpira. Kampuni nyingi za kubeti zinamlipa aliyekuleta sehemu ya feza unayopoteza. Anakuambia weka, utashinda, kumbe anakula ukishindwa.

Ufaransa waliweka sheria mwezi wa sita 2023: staa wa mitandao akilipwa, lazima aandike wazi kuwa ni tangazo. Kwetu kuna Sheria ya Numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni. Viongozi wa mji waje kutueleza kijana wa Likasi aliyeuziwa hewa anaitumia namna gani, na alalamike kwa nani.

Sisi hatungojei. Kuanzia Jumatatu, chini ya kila video ya kusifu bidhaa tunaandika neno moja: Umelipwa? Atakayejibu kweli tutaendelea kumfuata, na kitu kikiwa kizuri tutanunua. Vile viatu viko kwa fundi. Feza ya masomo bado tunachangishana.