Meseji Si Pesa

"Dada, nimekosea, nimetuma 80,000 badala ya 30,000. Nirudishie iliyozidi, bodaboda yuko njiani kufuata mzigo."

Hivyo aliniandikia aliyeshinda mnada wangu wa madera WhatsApp, na meseji ya malipo juu yake. Nikaacha cherehani, hapa Mbagala, nikabonyeza *150*00# kuangalia salio la M-Pesa. Hakuna kilichoingia! Nilipomwambia, akanitukana, eti sina utu.

Shoga zangu, kuangalia salio si kumvunjia mteja heshima. Mtaji wetu ni ada na chakula cha watoto. Kama kweli pesa imezidi, huduma kwa wateja wairudishe, usitume mwenyewe. Mzigo utoke baada ya pesa kuingia. Akikasirika, mwache aende. Riziki yako haiko mkononi mwake.